Pua haimjui Vibrio: bakteria wa vyakula vya baharini na njia wanazopitia

Watu wengi huchagua samaki kwa macho na pua. Jicho liwe limetuna na kung'aa, mashavu yawe mekundu, nyama ukiibonyeza irudi, na harufu iwe ya bahari, si ya uvundo. Vipimo hivyo ni vya haki, ila vinapima jambo moja tu, nalo ni kuoza. Bakteria wanaomwozesha samaki, kama Shewanella na Pseudomonas, ndio wanaoleta ute na harufu mbaya. Wanaomlaza mtu hospitali ni ukoo mwingine, na wengi wao hawabadilishi ladha, rangi wala harufu. Chaza aliyebeba bakteria aitwaye Vibrio vulnificus wa kutosha kuua hana alama yoyote ya kumtofautisha na mwenzake aliye kando yake kwenye sahani.

Kosa la pili ni kuamini kwamba ipo kinga moja inayowamaliza wote. Pika tu, utakuwa salama. Weka kwenye friji. Kamulia ndimu. Kila moja ya kinga hizo ina bakteria wake anayeiruka, au anayekufa akiacha sumu nyuma. Kabla ya kuuliza ufanye nini, uliza unapambana na nani: mwenyeji wa bahari, mgeni aliyeletwa na maji ya choo, aliyekua njiani kwa kukosa barafu, au aliyetoka mkononi mwa mtu jikoni.

Wenyeji wa bahari

Vibrio hawaingii baharini na uchafu. Huko ndiko kwao. Hupenda maji ya chumvi, hasa pale mto unapokutana na bahari, na hujishika kwenye viumbe vidogo vya majini na kwenye magamba ya kaa na kamba. Magamba hayo yamejengwa kwa kitini, kitu ambacho kwao ni chakula na nyumba kwa pamoja. Kwa hiyo maji kuwa mbali na bomba la majitaka hakumaanishi kwamba hawapo. Kinachoamua wingi wao ni joto. Maji yakipoa hupungua na kujificha kwenye tope la chini, na yakipata moto huibuka tena.

Chaza na kome ndio wanaoongoza kwa kuambukiza kwa sababu ya namna wanavyokula. Chaza mkubwa huchuja makumi ya lita za maji kwa siku, na bakteria waliokuwa wametawanyika kwenye maji yote hayo hubaki mwilini mwake. Kisha tunamla mzima, na utumbo wake, mara nyingi akiwa mbichi.

Samaki ni habari nyingine. Nyama ya ndani ya samaki aliye hai na mzima wa afya haina bakteria. Wao wako kwenye ngozi, kwenye mashavu na matumboni, na anayewahamisha ni mwenye kisu. Ukitumbua samaki ukauchana utumbo, halafu ukaendelea kukata minofu kwa kisu kile kile juu ya ubao ule ule, umewapaka mwenyewe kwenye nyama. Mpangilio unaofaa ni huu: mwoshe samaki mzima kwa maji safi ya bomba, mpae magamba, toa mashavu na matumbo bila kuyapasua, suuza tundu la tumbo mpaka damu ya kwenye uti iishe, osha kisu, ubao na mikono kwa sabuni na maji ya moto, ndipo ukate minofu. Hayo maji ya bomba yana faida nyingine isiyojulikana sana: Vibrio parahaemolyticus anategemea chumvi, na kwenye maji yasiyo na chumvi hadumu. Anayesuuza samaki kwa maji ya bahari yaliyochotwa gatini anafanya kinyume kabisa. Anawarudisha wale aliokuwa anawaondoa, na anaongeza wa majitaka ya vyombo vilivyofunga hapo.

Huyo V. parahaemolyticus alitambuliwa Osaka, Japani, mwaka 1950, na Tsunesaburo Fujino, baada ya watu 272 kuugua na 20 kufa kwa kula dagaa wadogo waliokaushwa nusu. Huleta kuhara maji maji, tumbo la kusokota, kichefuchefu na pengine homa, kwa kawaida ndani ya saa 24 baada ya kula, na kwa mtu mwenye afya huisha baada ya siku tatu hivi. Wengi wa V. parahaemolyticus walioko baharini hawana hata sumu ya kumdhuru binadamu. Jeni za sumu hiyo zimebebwa na sehemu ndogo tu ya jamii yao. Lakini sehemu ndogo ya wengi sana bado ni wengi, na hapo ndipo mwendo wao wa kuzaana unapotisha.

Wakiwa kwenye joto kama la mwili na chakula cha kutosha, hugawanyika kila baada ya dakika 10 hivi. Piga hesabu: anza na bakteria 100. Baada ya saa moja ni 6,400. Baada ya saa mbili wamepita 400,000. Ndani ya chaza mwendo ni wa polepole kuliko huo, ila bado ni mkali. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2002, chaza hai waliowekwa kwenye nyuzi 26 za Selsiasi waliongezeka bakteria hao mara 50 kwa saa 10, na karibu mara 790 kwa saa 24. Kwa wale waliowekwa kwenye nyuzi 3 idadi ya bakteria ilishuka, japo taratibu. Ndiyo maana muda wa kumtoa chaza majini mpaka kumfikisha kwenye ubaridi huhesabiwa kwa saa. Chaza aliyevunwa asubuhi akaachwa kwenye jua mpaka mchana si yule yule tena, hata kama bado yu hai na amefunga makombe yake.

Zamani ilidhaniwa kwamba maji ya kaskazini ni baridi mno kwa bakteria huyu. Kiangazi cha 2004 abiria wa meli ya kitalii huko Alaska waliugua baada ya kula chaza mbichi wa Prince William Sound, na vipimo vikaonyesha kwamba maji ya mashamba ya chaza yalikuwa yamevuka nyuzi 15. Mpaka wake ulisogea zaidi ya kilomita 1,000 kwenda kaskazini kwa tukio moja.

Ndugu yake, V. vulnificus, haambukizi watu wengi, ila akimpata mtu hana mzaha. Ana milango miwili. Wa kwanza ni mdomo, na hasa chaza mbichi. Mtu mwenye ini lililoharibika, iwe kwa pombe, kwa homa ya ini ya virusi au kwa kusinyaa, na mtu mwenye ugonjwa wa kulimbikiza madini ya chuma mwilini, huwa na chuma kingi kilicho huru kwenye damu, na chuma ndicho kinachomnenepesha bakteria huyu. Huvuka ukuta wa utumbo na kuingia kwenye damu. Homa na kutetemeka huanza ghafla, shinikizo la damu huporomoka, na miguuni hutokea malengelenge yaliyojaa majimaji yenye damu. Wagonjwa wanaofikia hatua hiyo, zaidi ya nusu hufa. Mlango wa pili ni ngozi: kidonda kilichoingia maji ya bahari ya vuguvugu, au mkono uliochomwa na gamba la kaa au mwiba wa kamba. Hapo nyama inaweza kuoza kwa saa chache na mgonjwa akahitaji upasuaji siku hiyo hiyo. Kwa ujumla, mmoja kati ya watano wanaoambukizwa hufa, wengine ndani ya siku moja au mbili tangu dalili za kwanza.

Maji yanavyopata joto, ramani yake inapanuka. Pwani ya mashariki ya Marekani, maambukizi ya vidonda yaliongezeka kutoka takribani 10 hadi 80 kwa mwaka kati ya 1988 na 2018, na mpaka wa kaskazini ulisogea kama kilomita 48 kila mwaka. Bahari ya Baltiki nayo imekuwa na wagonjwa kwenye majira ya joto kali. Kwa mwenye ugonjwa wa ini, kisukari kilichoharibu kinga, au anayetumia dawa za kushusha kinga ya mwili, ushauri wetu hauna "labda": chaza mbichi aachane naye kabisa, na akiwa na kidonda asiingie maji ya bahari ya vuguvugu wala asishike samaki wabichi bila glavu.

Wa tatu ni V. cholerae, mwenye kipindupindu. Wengi humhusisha na maji ya kunywa tu, kumbe kaa na kamba ni wabebaji wazuri, kwa sababu ya ile kitini. Kuna jambo moja kuhusu kaa ambalo wapishi wengi hawalijui. Baada ya wagonjwa wa kipindupindu kutokea Louisiana, Marekani, mwaka 1978, ilibainika kwamba kaa waliochemshwa dakika 8, na waliopikwa kwa mvuke mpaka dakika 25, bado waliweza kuwa na V. cholerae hai. Gamba lilikuwa limekuwa jekundu, nyama ilionekana imeiva. Kaa achemshwe zaidi ya dakika 10 kuanzia maji yanaporudi kutokota, siyo kuanzia alipotumbukizwa. Kwa mvuke mpe zaidi ya nusu saa. Na akishaiva asirudishwe kwenye ndoo au kapu alimokuwa akiwa mbichi. Kosa hilo la kapu ni la kawaida kuliko watu wanavyodhani, na ni baya kuliko kutompika vizuri, kwani nyama iliyoiva ni vuguvugu, haina bakteria wengine wa kushindana, na Vibrio wachache walioko kwenye kapu huikuta kama shamba lililokwisha kulimwa.

Waliokuja na choo

Salmonella, Shigella na E. coli hawana asili ya baharini. Huletwa na majitaka. Mwaka 1902, karamu mbili za mameya kule Winchester na Southampton, Uingereza, ziliwaambukiza wageni homa ya matumbo kwa chaza waliotoka Emsworth, ambako mabomba ya majitaka yalimwaga karibu na vitanda vya chaza. Majira ya baridi ya 1924 hadi 1925 ikawa zamu ya Marekani, wagonjwa takribani 1,500 na vifo kama 150, na hapo ndipo nchi hiyo ilipoanzisha mfumo wa kitaifa wa kukagua maji ya kuvunia chaza.

Mfumo kama huo leo hutumia E. coli kama kipimo cha kinyesi. Katika Umoja wa Ulaya, maji ya daraja A ni yale ambayo angalau asilimia 80 ya sampuli za chaza wake zina E. coli wasiozidi 230 kwa kila gramu 100 za nyama, na hao huweza kuliwa moja kwa moja. Wa daraja B kwa kawaida husafishwa kwanza, kwa kuwekwa kwenye matangi ya maji safi ya bahari yaliyopigwa mwanga wa urujuanimno ili wajichuje wenyewe. Uingereza kiwango cha chini ni saa 42. Usafishaji huo huondoa E. coli na Salmonella vizuri. Hauondoi Vibrio vya kutosha, kwa sababu wamejishika kwenye tishu za chaza, na hauondoi virusi vya homa ya ini aina ya A wala norovirus, kirusi cha kutapisha na kuharisha. Kwa hiyo lebo inayosema chaza wamesafishwa inajibu swali la choo tu. Swali la joto la bahari halijaguswa.

Sumu isiyoogopa moto

Sasa tuje kwa samaki aliyekaangwa mpaka akakauka, na bado akamdhuru mtu. Jodari, vibua, sadini na samaki wengine wenye nyama nyekundu nyingi wana asidi amino iitwayo histidini kwa wingi. Samaki akishakufa na kukaa kwenye joto, bakteria kama Morganella morganii na baadhi ya Photobacterium, waliokuwa kwenye mashavu na matumbo, huigeuza histidini hiyo kuwa histamini kwa kutumia kimeng'enya chao. Histamini haiharibiwi na kukaanga, kuchemsha, kuvuta moshi, kugandisha wala joto la kiwanda cha makopo. Ikishakuwapo, ipo.

Mlaji huhisi mdomo ukiwasha kama aliyekula pilipili. Ndani ya dakika chache hadi saa chache uso na shingo huwa vyekundu na moto, kichwa hugonga, moyo hukimbia, vipele hutoka, wengine huharisha. Mara nyingi huandikiwa kwamba ana mzio wa samaki, na huacha kula samaki maisha yake yote bila sababu. Dalili ya kutofautisha ni kwamba waliokula samaki yule yule huugua pamoja, na kwamba mtu huyo amewahi kula samaki wa aina hiyo mara nyingi bila tabu. Dawa za mzio husaidia, na kwa kawaida hali huisha siku hiyo au ya pili yake. Mwenye pumu au ugonjwa wa moyo asisubiri nyumbani.

Histamini haisambai sawasawa. Nyama ya karibu na tumbo na mashavu ndiyo inayotangulia, na ndiyo maana meza moja inaweza kula samaki mmoja, huyu akaugua na yule akabaki mzima. Kiwango cha juu cha Codex, viwango vya kimataifa vya chakula, ni miligramu 200 kwa kilo, lakini kipimo cha kipande kimoja hakisemi mengi kuhusu samaki mzima.

Kinga iko mwanzoni kabisa, kwenye saa za kwanza baada ya samaki kufa. Mwongozo wa Marekani unataka samaki hawa waingie kwenye barafu ndani ya saa 9 tangu kufa, na saa 6 ikiwa hewa au maji yamezidi nyuzi 28. Samaki aliyenasa kwenye wavu au mshipi akafa akiwa bado majini, saa zake zilianza kuhesabiwa humo humo majini, si alipopandishwa chomboni. Jodari mkubwa ni mgumu zaidi. Akipigana na ndoana mwili wake hupata joto, na katikati ya nyama hupoa polepole sana hata ukimfukia kwenye barafu. Mtoe damu, matumbo na mashavu mapema, mjaze barafu tumboni na kichwani, na kama una tangi tumia barafu iliyochanganywa na maji, maana huo mchanganyiko hugusa ngozi pande zote ilhali mabonge ya barafu huacha mianya ya hewa.

Barafu yenyewe ina hesabu. Kupoza kilo 10 za samaki kutoka nyuzi 30 hadi 0 kunayeyusha zaidi ya kilo 3 za barafu, hiyo ni kazi ya kupoza tu. Inayobaki huliwa na joto linalopenya kwenye kuta za kasha, na kwenye nchi za joto hiyo ndiyo sehemu kubwa. Kwa hiyo kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki ndicho kipimo cha kuanzia, na safari ndefu au kasha bovu hudai zaidi. Panga barafu chini, kati ya tabaka na tabaka, na juu, na acha tundu la kutolea maji. Barafu iliyotengenezwa kwa maji machafu inapoza vizuri na inaambukiza vizuri vile vile.

Jambo moja zaidi, na hili huwapata hata wenye viwanda. Kugandisha kunawasimamisha bakteria lakini hakuharibu kimeng'enya walichokwisha kutengeneza. Samaki aliyecheleweshwa kidogo kisha akagandishwa anaweza kuendelea kutengeneza histamini akishayeyushwa, hata bakteria wenyewe wakiwa wamekufa. Yeyusha kwenye friji, siyo juu ya meza, na upike siku hiyo hiyo.

Wanaofanya kazi ndani ya friji

Vibrio karibu wote husimama chini ya nyuzi 5. Listeria monocytogenes hasimami. Hukua hata kwenye nyuzi 0, polepole, na hupenda chakula kinachokaa wiki kadhaa kwenye ubaridi kikisubiri kuliwa bila kupikwa. Samaki aliyevutwa moshi baridi ndiye mfano wake kamili, kwani moshi wa aina hiyo hauzidi nyuzi 30 hivi, joto lisilomuua. Kwa mtu mwenye afya huenda isiwe kitu zaidi ya tumbo kuvurugika. Kwa mjamzito huweza kuja kama mafua mepesi na kumuua mtoto tumboni, na kati ya kula na kuugua zinaweza kupita wiki nyingi, hata siku 70, kiasi kwamba hakuna anayemkumbuka yule samaki. Mjamzito, mzee na mwenye kinga dhaifu wampashe moto samaki wa moshi mpaka atoe mvuke wote, au wamwache.

Mwingine ni Clostridium botulinum aina ya E, anayeishi kama spora, yaani mbegu ngumu ya bakteria, kwenye tope la maji. Haotei penye hewa, ila akifungiwa kwenye mfuko uliotolewa hewa hutengeneza sumu ya kupoozesha, na huanza kazi kwenye nyuzi 3.3 tu. Friji nyingi za nyumbani ziko juu ya hapo. Ndiyo maana samaki wa moshi aliyefungwa bila hewa hutakiwa awe na chumvi ya kutosha, angalau asilimia 3.5 ya maji yaliyomo kwenye nyama, pamoja na ubaridi. Kwako wewe mnunuzi kuna kitendo kidogo: samaki aliyegandishwa kwenye mfuko uliotolewa hewa, chana mfuko kabla ya kumyeyusha, hata kama ni sentimita chache tu. Hewa ikiingia, mlango wa botulinum umefungwa. Sumu yake, tofauti na histamini, huharibiwa na moto: nyuzi 85 kwa dakika 5 katikati ya chakula.

Mikono

Mkono unaweza kutoa na unaweza kupokea. Kamba waliochemshwa vizuri kisha wakamenywa kwa mikono na kuachwa mezani ni makazi ya Staphylococcus aureus, anayetoka puani na kwenye vidonda vya vidole. Sumu yake haiogopi moto, kwa hiyo kuwapasha tena hakusaidii. Mtu hutapika ndani ya dakika 30 hadi saa 8.

Upande wa kupokea ni wa wavuvi, wauzaji na wapishi. Erysipelothrix rhusiopathiae huingia kwa mwiba na kuacha kidole kimevimba, cha rangi ya zambarau, chenye maumivu makali kuliko kinavyoonekana, na penisilini humtibu. Mycobacterium marinum ni msumbufu zaidi. Kinundu hutokea wiki mbili tatu au zaidi baada ya mchubuko, hakiumi sana, hakiponi, na matibabu ni ya miezi. Maabara wasipoambiwa kwamba mgonjwa anashika samaki huotesha sampuli kwenye nyuzi 37 kama kawaida, na bakteria huyu anataka kama 30, kwa hiyo jibu hurudi kwamba hakuna kitu. Glavu nene, na mwiba ukichoma, kamua damu, osha kwa sabuni chini ya maji yanayotiririka, kisha fuatilia kidole hicho kwa wiki kadhaa.

Jikoni

Minofu ya samaki ifike nyuzi 63 katikati, pale ilipo nene kuliko pote. Bila kipimajoto, nyama iwe imeacha ung'avu wa kioo na inachambuka kwa uma. Chaza na kome wanaopikwa na makombe yao huwadanganya wengi, kwa sababu kombe hufunguka kabla ya nyama kuiva. Wakishafunguka, endelea kuchemsha dakika 3 hadi 5, au mvuke dakika 4 hadi 9. Usijaze sufuria, maana wa katikati hubaki vuguvugu wakati wa pembeni wameshafunguka. Waliokwisha kutolewa kwenye makombe wachemshwe dakika 3 kamili au wakaangwe dakika 3 kwenye mafuta ya nyuzi 190. Kabla ya kupika tupa mwenye kombe wazi asiyefunga ukimgonga, na baada ya kupika tupa asiyefunguka. Walio hai usiwafungie kwenye mfuko wala kuwalaza kwenye maji ya bomba, watakufa. Wafunike kwa kitambaa chenye unyevu kwenye friji.

Kuhusu ndimu na siki: asidi huibadilisha nyama rangi ikaonekana imeiva. Bakteria wa juu hupungua, wa ndani ya utumbo wa chaza hata hawajui kwamba kuna ndimu. Pilipili kali na pombe ndiyo kabisa hazisaidii. Kugandisha nako, nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku 7, ni dawa ya minyoo ya samaki mbichi. Bakteria hupungua tu. Kilichoiva kisikae nje zaidi ya saa mbili, na saa moja tu kama hewa imezidi nyuzi 32.

Ukishaugua

Kuhara kwa kawaida kunataka maji na chumvi: lita moja ya maji salama, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazisha, mgonjwa anywe kidogo kidogo kila anapoharisha. Kinyesi kama maji ya mchele, damu kwenye kinyesi, homa kali, macho kuona viwili viwili au kope kulegea, wekundu unaotambaa kutoka kwenye kidonda, au malengelenge meusi kwenye ngozi, haya hayasubiri kesho.

Ukifika hospitali, sema mwenyewe, hata usipoulizwa: nilikula chaza mbichi juzi usiku, au nilichomwa na kaa jana asubuhi, na nina ugonjwa wa ini. Kipimo cha kawaida cha choo humkosa Vibrio kwa urahisi. Maabara ikijua inachotafuta huotesha sampuli kwenye kioteshi kiitwacho TCBS, chenye chumvi na nyongo nyingi, ambacho huwazuia bakteria wengine wa utumbo. Kesho yake V. cholerae huonekana kwa vidoa vya njano, na V. parahaemolyticus kwa vya kijani. Kwa kidonda kinachoshukiwa V. vulnificus daktari hangojei vidoa hivyo: huanza doksisaiklini pamoja na seftazidimu mara moja, na kumwita daktari wa upasuaji akikague kidonda saa hiyo hiyo.